Maswali ya Wasomaji: Utulivu, kutulia na ndugu zake

Toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie neno moja la Kiswahili mnalolitumia kila siku ila hamjui limetokea wapi. Asanteni sana, meseji zimekuja nyingi kutoka Arusha na Moshi na nyingi zimezunguka pale pale, utulivu, kutulia, amani, shwari, pole, kwa hiyo nimeamua ukurasa wote safari hii uwe wa maneno hayo. Waliouliza mambo mengine mnivumilie. Kama mlivyoomba, majina yenu hatujayataja.

Habari za kazi mwandishi. Mimi nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mwanangu yuko darasa la sita kaniuliza neno utulivu limetoka wapi, nikamjibu ni Kiarabu kama maneno mengi ya heshima heshima, mwenzangu wa meza ya pili akasema hapana hicho ni Kiswahili chenyewe. Tulibishana mpaka wateja wakaingilia. Tusaidie. (Mama muuza ndizi, Mbuyuni)

Nzuri mama yangu, pole na biashara. Kwa hili mwenzako kashinda, utulivu ni Kibantu kabisa, hamna Kiarabu humo hata chembe, na ushahidi unao wewe mwenyewe hapo mezani kwako kila asubuhi.

Hebu angalia mama anayeshuka na mkungu kichwani akifika kwako huwa anasemaje. Anasema "nitue". Shingo imekaza, magoti kayakunja kidogo, mkono mmoja umeshika mkungu mwingine unatafuta pa kushika, wewe unapokea upande wa pili, mnashusha wote wawili polepole mpaka mkungu unakaa kwenye majani ya mgomba chini. Halafu anaitoa ile pumzi. Anaondoa ngata kichwani, anaizungusha shingo huku na huku, anajifuta jasho na ncha ya kanga, na kwa muda hivi haongei na mtu, hata bei hajaanza kuitaja. Kile kitendo cha kwanza ndo kutua, na ile hali inayokuja mzigo ukishafika chini ndo kutulia. Neno moja hilo, limeongezwa mkia tu. Kutoka kutulia tunapata tulivu, mtulivu, utulivu, tuliza, kitulizo, wote ni watoto wa mzigo ulioshushwa.

Sasa mwanao akiwa mjanja atakuuliza, mbona kutua hakuna L na kutulia kuna L, imetokea wapi? Mwambie hivi. Zamani sana kabla Kiswahili hakijawa Kiswahili kitenzi chenyewe kilikuwa na L, yaani *tula*, halafu Kiswahili kikawa na tabia ya kuiangusha hiyo L ikikaa pale mwishoni katikati ya irabu mbili, lakini ukikiongezea kitenzi kiambishi mwishoni, ile L inarudi. Wala haihitaji kwenda chuo kuliona hili, we msomee tu haya: nunua, nunulia. Chukua, chukuliwa. Vaa, valia. Kaa, kalia. Toa, tolea. Zaa, zaliwa. Kila siku tunazisema hizo L na hatujiulizi zilikuwa wapi. Kwa hiyo tua, tulia haijakosea njia, inafuata wenzake.

Na majirani zetu wengi hawakuiangusha. Malawi mtu akishusha mzigo *anatula*, na ofisa akijiuzulu wanaita *kutula pansi*, yaani kukitua cheo chake chini, mimi hiyo naipenda sana kwa sababu inaonyesha wazi cheo nacho ni mzigo wa kichwani. Waganda wana *kutuula*, ni kukaa kitako. Rwanda na Burundi L yao imekuwa R, *gutura* kwao ni kushusha mzigo na pia ni kuishi mahali, kuwa na makazi, halafu utulivu wanauita *ituze*. Ukishuka mpaka Afrika Kusini Wazulu wanambembeleza mtoto anayelia kwa kumwambia *thula*, nyamaza, tulia. Kushusha, kukaa, kuhamia mahali, kunyamaza, zote zimetoka kwenye wazo moja la kitu kilichokuwa juu kikashuka kikakaa.

Kwetu pia ukoo ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Kituo, iwe cha vifodi, zile daladala ndogo, au cha polisi au cha afya, asili yake ni mahali pa kutua, msafiri anashusha alichobeba. Waliosoma zamani wanakumbuka mwalimu akisema "alama za vituo", ni zile nukta na mkato, mahali sauti inapotua kabla haijaendelea. Jua linatua. Ndege inatua pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na zimekuwa zikitua hapo tangu uwanja ulipofunguliwa 1971. Maji yaliyotuama ni ndugu yao vile vile, maji yasiyokwenda popote. Na ile kauli ya serikali ya kumtua mama ndoo kichwani, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan ameirudia mara nyingi kwenye mambo ya maji, ni kitenzi hicho hicho kimetumika kwa maana yake ya kwanza kabisa, mama amebeba ndoo, aletewe bomba karibu, atuliwe.

Mimi hapa ndo penye maoni yangu na ninayasema kwa moyo wote. Watu wanapenda kusema mtu mtulivu ni yule asiye na shida, kazaliwa hivyo, damu yake ya baridi. Neno lenyewe halisemi hivyo. Asiyebeba kitu hana cha kutua. Neno linasema huyu alikuwa na mzigo na sasa uko chini, pengine bado uko pale pembeni ya miguu yake anautazama na kesho atatwikwa tena, lakini kwa sasa shingo iko huru. Na tusichanganye na kimya. Mtu anaweza kukaa kimya na mzigo wote uko kichwani, wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, walijua tofauti hiyo.

Mpelekee mwanao jibu, na mwenzako wa meza ya pili umnunulie hata chai.

Oya mwandishi. Sisi machalii wa Ngarenaro tukiona kiatu kikali tunasema "hiyo kitu imetulia". Mshua anasema tunaharibu lugha. Tunaharibu kweli? (Chalii wa Chuga)

Hamuharibu mdogo wangu. Kitu kilichotulia ni kile kilichokaa mahali pake, hakiyumbi, hakijapayuka, rangi haigombani na rangi nyingine, yaani hakuna kinachokusumbua jicho. Ni maana ile ile imesogea hatua moja kutoka kwa mtu kwenda kwa kitu, na lugha zote hai zinafanya hivyo. Hata "tuliza boli" mmeitoa uwanjani, mchezaji anapokea pasi ya juu anaishusha mguuni mpira unakaa, huko ni kutuliza kwa maana yake ya asili kabisa, kitu kilikuwa hewani kimekuja chini. "Tuliza mshono" nayo sina ugomvi nayo. Ila mzee wako usimwambie yeye hivyo, kwa mzee sema "baba tulia kidogo nikueleze", na mpe shikamoo yangu.

Kaka, mimi ni mgumu, napandisha mizigo ya wageni mlimani, njia ya Machame na Marangu. Wageni wote wakifika wanajua neno moja, "pole pole". Nimeona unaongelea mambo ya utulivu, je hilo pole na ile pole ya msibani ni moja? Na poa je? (Mgumu, Moshi)

Kaka yangu swali lako limenifurahisha kuliko yote, sababu umeziona mwenyewe zinafanana bila mtu kukwambia.

Ndiyo, ni ukoo mmoja, na L yetu ile ile inahusika tena. Kitenzi ni kupoa, zamani *pola*, L imeanguka ikabaki poa, lakini kwenye *pole* na *upole* imebaki palepale. Chai inapoa, homa inapoa, hasira zinapoa. Kitu kilichokwisha kupoa ndo pole. Kwa lugha za kusini Wazulu wana *phola*, kupoa na pia kidonda kupona, na Malawi *kupola* ni kupona kidonda. Kwa hiyo unapomwambia mfiwa "pole" asili yake unamtakia hicho kinachomuunguza kipoe, ndo maana tunasema pole kwa msiba, pole kwa kazi, pole kwa safari, hata mtu akijikwaa tu barabarani unampa pole na wala hukumsukuma wewe. Mgeni akisikia anadhani tunaomba msamaha, sio hivyo, tunamtakia kupoa. Na kijana anayejibu "poa" akisalimiwa mambo anasema jambo hilo hilo, mambo yangu hayachemki.

Huko mlimani sasa. Pole pole yenu imebeba kitu cha kweli cha mwili sio maneno ya kupamba. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895 na pale juu hewa nyepesi, mgandamizo wake ni karibu nusu tu ya ule wa usawa wa bahari, mwili unahitaji siku kadhaa kujizoesha, anayekimbilia juu kichwa kinampasuka, anatapika, mwingine anashushwa na machela. Ndo maana wengi wanalala siku ya ziada pale kambi ya Horombo kwenye mita 3,720 kabla ya kwenda Kibo. Mgeni anayetembea pole pole anauacha moto wa mwili usipande, kwa hiyo neno linafanya kazi yake ya tangu enzi.

Ila nimejiuliza, wageni wanajifunza pole pole, wangapi wanajifunza "nitue"? Sababu nyie ndo mnaobeba. Kiwango cha hifadhi ni kilo 20 kwa mgumu na mnapimwa getini, lakini kilo 20 kwenye kile kipande cha mawe cha Barranco, mkono mmoja unashika jabali na mwingine unashika begi kichwani, hizo sio kilo za mezani. Mkifika kambini kabla ya mgeni hamjakaa tayari mnasimamisha hema lake. Neno twika na neno tua yanatakiwa kufundishwa pamoja na pole pole, ningeongoza watalii mimi ningeanza na hayo.

Assalam aleikum. Nimehamia mtaa wa Sakina hapa Arusha, malori ya kwenda Namanga yananguruma usiku kucha. Mtu kaniambia sakina maana yake ni utulivu. Kweli? (Mpangaji mpya)

Waaleikum salaam, karibu Arusha na pole na malori, weka pazia zito itasaidia kidogo.

Ni kweli, kwa Kiarabu *sakina* ni utulivu, lakini sio utulivu wowote ule, ni ule unaoshushwa na Mungu ndani ya moyo wa mtu. Ukifungua Surat Al-Fat-h aya ya 4 utaikuta, Mwenyezi Mungu ndiye aliyeteremsha sakina kwenye nyoyo za waumini ili wazidi imani juu ya imani yao. Ndo maana ni jina zuri la mtoto wa kike na wengi wanalo.

Mzizi wake ni herufi tatu, s, k, n, na maana yake ya msingi ni kukaa mahali, kuacha kwenda, kuishi. Kutoka hapo hapo tumepata *maskani* yetu. Vijana wanaosema "tukutane maskani" wanatumia ndugu wa sakina, na Mkristo wa Moshi akisoma kitabu cha Kutoka anakuta Musa anaagizwa kutengeneza maskani kwa mapazia kumi, na kwa Kiebrania cha pale ni *mishkan*, mzizi ule ule tena kwa sababu Kiebrania na Kiarabu ni ndugu.

Sasa rudi juu ukaangalie ile *gutura* ya Wanyarwanda, kushusha mzigo, kuwa na makazi, na *ituze* pembeni yake. Watu wa huku na watu wa kule Uarabuni hawakukaa kikao wakapatana, kila mmoja kivyake aliona utulivu na kuwa na mahali pa kukaa vinakwenda pamoja. Wewe umetoka kuhama juzi nadhani unanielewa vizuri kuliko msomaji mwingine, mtu ambaye maboksi yake bado hayajafunguliwa hajatulia hata kama hakuna lori linalopita.

Mwandishi, babu yangu ni Mwarusha wa Oldonyosambu, anasisitiza kwamba utulivu mmeuchukua kwenye Kimaasai, neno "osotua". Anasema sikiliza tu, o-so-TUA. Nimjibuje mzee? (Mjukuu, Oldonyosambu)

Mjibu kwa heshima na usimkatize, kwa sababu neno alilolitaja ni zito kweli kweli.

Osotua kwa Kimaa, yaani hicho Kimaasai cha babu, ni kitovu, yaani ule uzi unaomuunganisha mtoto na mama yake tumboni, na pia ni ule uhusiano wa watu wawili wanaopeana bila kuhesabiana. Mtu wa osotua yako akipungukiwa anakuomba unampa, kama unacho, na hakuna anayeandika deni wala kudai riba. Ukame ukipiga mifugo ya mmoja ikaisha mwenzake anampa ng'ombe wa kuanzia upya. Inatumika pia kwa maana ya amani, na Biblia ya Kimaa agano inaliita osotua, Agano Jipya ni *Osotua Ng'ejuk*. Fikiria uzito wake, agano la Mungu na watu linaitwa kwa jina la kitovu.

Lakini na tua yetu hawana undugu. Kimaa ni lugha ya Kiniloti na Kiswahili ni Kibantu, na hata ndani ya neno lenyewe ile o ya mwanzo ndo kiambishi, kiini kinachobaki ni *sotua* kizima, hauwezi kukikata katikati ukachukua tua peke yake. Sauti zimegongana tu. Mwambie babu kwamba sikio lake ni zuri sana na kwamba neno lake halihitaji kuwa mama wa letu ili liwe kubwa. Kisha muombe akusimulie wazee wake walikuwa na osotua na nani, hayo yaandike.

Kila hotuba nasikia "amani na utulivu", "tudumishe amani na utulivu". Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na bado sijaridhika. Ni kitu kimoja kinarudiwa au ni viwili? (Mwalimu mstaafu, Njiro)

Shikamoo mwalimu.

Kwa jinsi yanavyotamkwa kwenye majukwaa yamekuwa kama neno moja, hakuna tena anayesikiliza nusu ya pili. Lakini ni mawili na tofauti yake ni kubwa, ngoja nijaribu.

Amani tumeipokea kutoka Kiarabu, *aman*, na maana yake pale ni usalama, kutokuwa na hofu, ahadi kwamba hutadhuriwa. Ndugu zake tunao wengi: amini, imani, amana, uaminifu, muumini. Zote zina harufu ya kuaminiana kati ya mtu na mtu. Amani basi iko kati ya watu, wanaahidiana, na kwa kuwa ni ahadi inaweza kuandikwa na kusainiwa. Mji wetu unalijua hilo kuliko miji mingi ya Afrika. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa hapa Arusha. Tarehe 28 Agosti 2000 ule wa Burundi ukasainiwa hapa hapa, Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi mpaka alipofariki Oktoba 1999 na Mandela akaipokea kazi.

Utulivu hausainiwi mwalimu. Uko ndani ya mtu, ni mzigo wake yeye uko chini au haujashuka. Na huo mkataba wa Rwanda ndo unanifanya nishikilie tofauti hii kwa nguvu zote, kwa sababu wino ulikuwepo, mihuri ilikuwepo, wakubwa walikuwepo, na miezi nane baadaye Aprili 1994 ikaanza mauaji ya kimbari. Amani ilikuwa kwenye karatasi na kule vilimani watu walikuwa wamebebeshwa chuki na hofu mpaka shingoni, redio inawaongezea kila siku, hakuna aliyewatua. Baada ya hapo Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama ya kesi hizo na ikaletwa tena hapa kwetu Arusha, ikafanya kazi hadi mwisho wa 2015, watu wa mji huu wameona mashahidi wakija na kuondoka miaka yote hiyo.

Kinyume chake nacho kipo, mtu anaweza kuwa na utulivu mahali pasipo na amani, tunawasikia wagonjwa na wafungwa na wakimbizi ambao moyo wao umetulia kushinda wetu. Kwa hiyo jibu langu ni viwili, na kiongozi anayevitaja vyote anatakiwa ajue ametoa madai mawili. Kuhusu amani tumuulize nani kaahidiana na nani. Kuhusu utulivu tumuulize watu wamebeba nini.

Mwandishi, mimi muuguzi hapa Moshi, wodi ya akina mama. Nikimwambia mgonjwa "tulia" anazidi kupandisha, wengine wananijibu vibaya kabisa. Nifanyeje, maana kutulia ndo ninachotaka wafanye? (Muuguzi)

Pole na zamu dada yangu, najua wodi zilivyo.

Nadhani shida iko kwenye amri. Yule mama wa mkungu tuliyeanza naye hakuambiwa "tua" na mtu aliyekunja mikono, mzigo mzito wa kichwani mtu hawezi kujishushia mwenyewe bila kuumia au kuuvunja, ndo maana kasema *nitue*, kaomba mikono ya pili. Ukimwambia mama mwenye uchungu "tulia" na wewe uko mlangoni na faili, yeye anasikia kama unamwambia tua na huku hakuna anayepokea. Lazima akasirike.

Lugha imekupa neno jingine, tuliza. Tulia ni yeye, tuliza ni wewe, dawa tunaita ya kutuliza maumivu na wala hatuyaambii maumivu yatulie yenyewe. Kwa hiyo jaribu kuanza na mzigo. Muulize, mama unaogopa nini hasa, maumivu yako wapi, nani yuko nyumbani na watoto, umekula? Mara nyingi kinachompandisha presha sio kile kilichoandikwa kwenye kadi, ni mtoto aliyemuacha kwa jirani tangu asubuhi na simu haina chaji. Mpe simu apige. Kaa kwenye kitanda hata dakika mbili, mshike mkono, umwambie "niko hapa, pumua na mimi". Hilo neno tulia utaona halihitajiki tena, na kama ni lazima ulitumie basi liseme umeshamshika.

Na wewe je, ukitoka zamu nani anakutua? Usiniandikie jibu, mwambie mtu wa nyumbani.

Mimi kwetu Tanga, niko Arusha kikazi. Huku bara kila mtu "mambo shwari", "hali shwari". Kwetu shwari ni neno la bahari, mnaruhusiwa? (Mdigo wa Tanga)

Tunaruhusiwa, mmetupa wenyewe. Shwari ni bahari iliyolala, hakuna upepo hakuna wimbi, na limepanda kutoka pwani hadi huku milimani ambako wengi wetu bahari tumeiona ukubwani. Kenya wamelipeleka mbali zaidi, tangu mwishoni mwa 2012 M-Shwari ni huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, na wafanyabiashara wa Namanga wanaijua vizuri.

Ila wewe mtu wa pwani utakuwa unajua kitu ambacho sisi wa bara hatukijui, kwamba kwa mtu wa jahazi shwari sio habari njema kila siku. Jahazi ni la tanga, linangoja kaskazi kuanzia Desemba au kusi kuanzia Aprili au Mei, na kati ya pepo hizo mbili upepo unageuka geuka au unakufa kabisa, tanga linaning'inia, maji ya kunywa yanapungua na mzigo uko palepale ndani haujafika. Bahari imetulia na nahodha hajatulia. Kwa hiyo tukitaka kusema maji au hali ya mji, shwari inatosha. Tukitaka kumsema mtu, mimi nachagua tulivu.